Kutoka dikoni hadi kwenye chupa: mwongozo kamili wa kuweka spesimeni za samaki, nyoka, ndege na mifupa ukiwa Malindi

Juzi niko dikoni Mayungu, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na ndoo yangu, mama karanga mmoja, hawa wanaokaanga samaki wa kuuza, akanitazama nikimpima samaki kwa rula akaniuliza, "Mwanangu, huyo ni wa kula ama wa kuzika?" Nikamwambia wa kuweka, mama. Akatikisa kichwa akarudi kwenye tafi zake. Hilo swali naulizwa kila wiki kwa namna moja ama nyingine, na walimu wa sayansi nao hapa Malindi wananisimamisha njiani wanataka kujua vile wataanzisha kachumba ka spesimeni pale shuleni, kwa hivyo leo naandika yote mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii nimemaliza.

Tunaongea wanyama wenye uti wa mgongo tu. Samaki, vyura, mijusi, nyoka, ndege, popo, panya na wakubwa wao. Pweza na kaa hawamo, hao hawana mgongo, wana njia zao.

Kwanza ujue unaweka kwa nini

Spesimeni si pambo. Taya la papa lililopakwa vanishi likatundikwa ukutani hotelini, hilo ni pambo. Spesimeni ni mnyama pamoja na habari zake: amepatikana wapi, lini, na nani, kwa njia gani. Ukiondoa hizo habari umebaki na samaki aliyekufa ndani ya chupa, na chupa yenyewe ungeweza kuwekea achari.

Kule California kuna makumbusho ya wanyama wenye uti wa mgongo, Museum of Vertebrate Zoology, ilianzishwa 1908 kwa pesa na bidii ya Annie Alexander, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Joseph Grinnell. Huyu Grinnell alikuwa msumbufu kuhusu madaftari, watu wake wakiwa porini lazima waandike kila siku, mtego ulikaa wapi, kulikuwa na miti gani, wameona nini hata ambacho hawakukamata. Miaka karibu 90 baadaye watafiti wakarudi Yosemite, mahali palepale, na yale madaftari mkononi, wakatega upya, na matokeo yaliyotoka 2008 yanaonyesha karibu nusu ya aina za wanyama wadogo walizofuatilia zimehama zimepanda mlimani, wastani kama mita 500, manake joto limezidi. Sasa Grinnell mwenyewe alishakufa 1939. Hakuwa na habari ya hayo mambo ya tabianchi. Aliandika tu vizuri.

Na huku kwetu kuna kisa cha kisukuku, yule samaki silakanti, ambacho mtu wa Malindi akiwa hakijui namuonea huruma. Tarehe 22 Desemba 1938, huko East London Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji aliitwa bandarini kutazama samaki wa trola, akaona pezi la buluu limechomoza katikati ya lundo. Samaki wa ajabu, mzito, magamba kama mabati, mapezi kama miguu. Akamchukua kwa teksi. Jokofu la kumtosha hakupata, mochari walimkatalia, formalini, ile dawa ya kuzuia kuoza, aliyokuwa nayo ilikuwa kidogo, ikabidi samaki afungwe kwa magazeti na shuka zilizolowekwa formalini. Akamwandikia mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith, lakini ilikuwa Krismasi, Smith yuko mbali, barua ikachelewa. Samaki akaanza kuharibika, ikabidi achunwe ajazwe, matumbo na viungo laini vyote vikatupwa. Smith alipopata barua mwanzoni mwa Januari 1939 alituma simu ya haraka kwamba mifupa na matamvua yahifadhiwe, wapi, yalikuwa yashaenda. Ndiye silakanti, samaki ambaye dunia nzima ilidhani ametoweka zamani za madinosaria. Dunia ikangoja miaka 14 kupata wa pili, 1952, kule Komoro, ambako wavuvi wenyewe walikuwa wanamjua siku zote wanamwita gombesa. Na mwaka 2001 trola ikamtoa mmoja hapa hapa Malindi, kilo 77.

Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini naweka formalini nyumbani hata kama sina samaki, ndiyo hiyo.

Ruhusa, usiruke hapa

Najua mtu anataka kufika kwenye visu na chupa lakini ngoja. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 ni kali, kukaa na mnyamapori ama kipande chake bila kibali ni kosa, na ile ya "nilimkuta ashakufa" haikusaidii. Kasa, ng'amba, nguva, pomboo, nyangumi, hao ukiwakuta ufukweni hugusi, hukati jino, hubebi gamba, unapiga simu KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wanakuja. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, ambayo iko tangu 1968, hutoi kitu, hata kombe lililokufa. Sange aliyegongwa na gari pale barabara inapopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, inauma kumuacha, lakini bila karatasi muache, piga picha, andika mahali na saa, ujulishe wenyewe.

Ukitaka kukusanya kwa utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha KWS, na njia rahisi kwa shule ama kikundi ni kuandika barua Makumbusho ya Taifa mfanye kazi pamoja, wao wana idara za samaki, ndege, nyoka na mifupa kule Nairobi na wanajua njia za karatasi. Wakati unangoja, jifunze na vitu visivyo na kesi: samaki aliyenunuliwa dikoni kwa mvuvi mwenye leseni, panya wa nyumbani, kuku wa sokoni. Mimi ndege nilijifunzia kuku, nikaharibu watatu, tukawala. (Hao hawakuwa wamepakwa dawa yoyote, sikiliza vizuri, kitu kikishaguswa na dawa hakirudi jikoni.)

Vitu vya kuwa navyo

Sio vingi. Daftari la jalada gumu, penseli, karatasi ngumu ya pamba kwa lebo, uzi mweupe wa pamba. Rula, kalipa, mizani ya gramu, ndogo ile ya kupimia viungo inatosha kuanzia. Visu vya upasuaji, makasi madogo, kibano, sindano na bomba lake, pini. Ndoo za plastiki zenye kifuniko kinachobana. Chupa za kioo za mdomo mpana zenye vifuniko vya plastiki, nasema plastiki kwa sababu hewa ya chumvi ya hapa inakula bati kabla mwaka haujaisha. Glavu, miwani ya kuziba macho. Formalini na ethanoli ya asilimia 95 (nikisema spiriti ya chupani ni hiyo ethanoli) utapata kwa wauzaji wa vifaa vya maabara, na boraksi pia. Ile spiriti ya rangi ya dukani wacha, ina mchanganyiko ambao hujui utamfanya nini samaki baada ya miaka kumi.

Kuhusu formalini niseme wazi: ni sumu, inaunguza macho na kifua, na ni katika vitu vinavyojulikana kuleta kansa. Fanyia nje, upepo ukutoke mgongoni, usifanyie chumba unacholala, watoto wasimimine, mjamzito asikaribie. Ikitumika haimwagwi baharini wala chooni, iweke kwenye jerikeni iliyoandikwa, itumie tena, ikichoka peleka maabara yenye utaratibu wa kuiondoa. Ethanoli nayo inashika moto kwa cheche tu kwa hivyo hakuna meko, hakuna sigara, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Andika kabla hujakata

Hii ndiyo hatua watu wanairuka na ndiyo kazi yenyewe. Kabla kisu hakijagusa mnyama, daftarini kuna namba. Namba moja mnyama mmoja, hairudiwi milele, hata spesimeni ikiharibika namba yake inakufa nayo. Halafu unaandika tarehe ukiandika mwezi kwa jina, manake 4/5 mmoja anasoma Aprili mwingine Mei. Mahali: usiandike "Malindi", Malindi ni kubwa, andika "Mayungu, mita kadhaa kusini mwa diko, nje ya mwamba, kina pima 6 kwa maneno ya nahodha", na soma GPS ya simu uandike namba zake. Nani amemvua, na chombo gani, jarife ama mshipi ama lema, kulikuwa kusi ama kaskazi, maji kupwa ama kujaa. Jina alilompa mvuvi liandike vilevile, usilisahihishe, mimi nimepata tofauti za samaki ambazo nisingeziona kwa sababu mzee mmoja wa Ngomeni aliwaita wawili majina mawili na mimi nilikuwa naona mmoja tu.

Rangi andika mnyama akiwa bado mbichi. Pono wa kijani na waridi akikaa kwenye spiriti mwezi mmoja anakuwa rangi ya chai ya maziwa, wote wanakuwa hivo. Rangi ya macho ya ndege ni hivohivo, inapotea ndani ya saa chache.

Lebo inaandikwa kwa penseli. Nitarudia, penseli. Mwaka wangu wa kwanza niliandika lebo 22 kwa kalamu ya biki, maandishi mazuri kweli, nikaziweka ndani ya spiriti, baada ya wiki mbili chupa zote zina maji ya buluu na vikaratasi vyeupe. Nilikaa chini nikalia kidogo. Zile 22 nilizitambua 9 kwa kulinganisha na picha, zilizobaki ni samaki wasio na kwao, nazitumia kufundishia watoto kuhesabu mapezi. Lebo inakaa ndani ya chupa pamoja na mnyama ama imefungwa mwilini kwa uzi, sio kubandikwa nje, gundi ya nje inaachia masika ya kwanza.

Samaki

Anza na wadogo, chini ya kiganja. Osha ute kwa maji taratibu, mlaze kwenye ubao ama styrofomu, kichwa kikiangalia kushoto kwako, ndiyo desturi ya dunia nzima ili picha zilinganishwe. Mapezi yafungue kwa pini, kisha chukua brashi ndogo upake formalini kali, ile haijatiwa maji, kwenye mapezi peke yake, ngoja dakika chache yakauke yamesimama. Weka rula pembeni na karatasi ya namba, piga picha. Pima urefu wote, halafu pima pia kutoka ncha ya mdomo hadi pale mkia unapoanzia, hicho cha pili ndicho wataalamu wanakiamini kwa sababu ncha za mkia huwa zimevunjika ndani ya wavu.

Sasa, kabla ya formalini, kata kinyama kidogo kama punje ya mchele upande wa kulia, kiweke ndani ya kichupa cha ethanoli ya 95, andika namba ileile. Hiyo ni ya DNA. Formalini inaharibu DNA, ukishamzamisha umechelewa. Upande wa kushoto hauguswi kabisa, huo ni wa picha na wa kuhesabu magamba.

Formalini tunayosema ya asilimia 10 ni sehemu moja ya formalini ya chupani na sehemu tisa za maji, yaani mililita 100 ongeza 900. Ongeza kijiko cha chai cha boraksi kwa kila lita, bila hiyo dawa inakuwa na asidi na asidi inayeyusha mifupa polepole, baada ya miaka unatoa samaki laini kama mkate uliolowa. Ukiwa dikoni huna maji ya bomba tumia maji ya bahari, yanafaa. Samaki aliyezidi kama sentimita 12 hivi mpasue tumbo kidogo upande wa kulia ama mdunge sindano ya dawa tumboni na kwenye minofu, la sivyo ngozi inakauka imara na ndani anaoza, na hautajua mpaka chupa ifure. Muweke amenyooka, usimkunje kwenye ndoo ndogo, akishakaza ndivyo atakavyokaa milele. Maji ya dawa yawe mengi kuliko samaki, angalau mara kumi ya ujazo wake ukiweza.

Wadogo siku tatu nne zinatosha, wakubwa wiki moja hadi mbili. Halafu mtoe, muweke kwenye maji safi siku mbili tatu ukibadilisha kila siku hadi ule ukali wa pua uishe, ndipo anaingia ethanoli ya asilimia 70. Kupata 70 kutoka 95: mililita 700 za ethanoli, ongeza maji mililita 250. Watu wanadhani kali zaidi ndiyo bora, hapana, 95 inamkausha mpaka anavunjika kama kaukau, na chini ya 50 anaanza kuota vitu. Mnyama mlaini kama chuchunge mdogo ama kiluwiluwi mpitishe kwanza 30 kisha 50 ndipo 70, siku moja moja, asisinyae.

Bunju nawakumbusha tu: sumu yake haitoki kwa kuosha, na paka wa Malindi mnawajua, funika ndoo.

Ikiwa ni saa kumi na moja jioni, umepata samaki wa ajabu na huna dawa, muweke ndani ya mfuko na maji kidogo, toa hewa, lebo ya penseli ndani, tia kwenye friza. Friza ya jirani ikibidi. Angekuwa nayo yule mama wa East London tungekuwa na matumbo ya kisukuku wa kwanza.

Nyoka, mijusi, vyura

Dawa ni zilezile, hesabu zilezile. Tofauti ni mkao. Kinyonga na mjusi kafiri wapange kwenye trei, miguu imekunjwa kiasi, vidole vimefunguka vyote, funika kwa tishu iliyolowa formalini kwa saa kadhaa mpaka akaze, ndipo umzamishe. Vidole vya mjusi ndivyo vinavyomtambulisha, ukiviacha vimefumbana umempoteza. Mjusi akikatika mkia, mkia unafungwa kwa uzi pamoja naye, hautupwi.

Nyoka anadungwa sindano kila baada ya sentimita chache kutoka shingoni hadi mkiani kisha anazungushwa kama kamba kwa saizi ya chupa, tumbo likionekana kwa nje, magamba ya tumbo huwa yanahesabiwa. Na nyoka aliyekufa anauma. Sio hadithi za bibi, kichwa cha kifutu kilichokatwa kinaweza kung'ata kwa saa nzima na zaidi kwa mishtuko ya neva, na sumu iko palepale. Kibano kirefu, kila mara. Nyoka hai sio kazi ya mwongozo huu, Watamu kuna kituo cha nyoka cha Bio-Ken, wana miaka mingi na hao viumbe, ita wao.

Ndege

Hapa ndipo mikono inajulikana. Ndege hawekwi kwenye chupa kwa kawaida, anakuwa ngozi iliyojazwa pamba, kifudifudi ama chali, amelala kwenye droo kama anasinzia. Ukishapata kibali, wa kujifunzia mzuri ni kunguru, hawa wa Bara Hindi waliofikishwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wametujazia kila jaa kuanzia Maweni hadi Shela.

Mpime uzito kabla hujamkata, pima bawa lililokunjwa, mkia, mdomo, mguu. Andika macho, mdomo na miguu rangi gani. Ziba koo kwa pamba asichafue manyoya. Mlaze chali, tenga manyoya kwa pumzi katikati ya kifua, utaona mstari wa ngozi tupu, kata hapo kutoka katikati ya kifua hadi karibu na tundu la nyuma. Ngozi tu! Ukitoboa tumbo utajuta. Nyunyiza unga wa mahindi kila unapoona unyevu, unga unakunywa damu na mafuta na vidole havitelezi, nyumbani watauliza unga umeishia wapi, tafuta jibu mapema. Sukuma goti litokee, kata hapo, pande zote mbili, kata shina la mkia ukiacha mizizi ya manyoya, halafu unaivua ngozi taratibu kama unamvua mtoto fulana, mabawa unakata begani, unafika kichwani. Masikio yanavutwa na kibano, macho yanatolewa bila kupasuka, nyuma ya fuvu unakata dirisha unachota ubongo. Usivute shingo, sukuma kwa vidole, ngozi ya shingo ikinyooshwa ndege anatoka kama bata mzinga.

Kabla ya kutupa mwili, ufungue, tazama juu ya figo. Dume ana mapunje mawili kama maharage, jike kwa ndege wengi ana kishada kimoja tu upande wa kushoto kama zabibu ndogo. Chora na pima, andika. Tumboni kuna nini, andika pia. Kinyama cha DNA, kichupani.

Kwangua mafuta yote. Yote kabisa. Mafuta yakibaki, baada ya mwaka mmoja yanatoka manjano yanachoma manyoya, na huku kwetu joto linayaharakisha. Pakaa boraksi kavu ndani ya ngozi. Pamba kwenye macho, kijiti kilichozungushiwa pamba kinapita shingoni hadi ndani ya mdomo, kinakaa badala ya mwili, si kikubwa kuliko mwili wenyewe. Shona, funga mdomo kwa uzi, pishanisha miguu, funga lebo miguuni, lainisha manyoya kwa brashi, mzungushie pamba nyembamba umpige pini ubaoni. Bara anakauka wiki moja, hapa mwezi wa Mei nimewahi kungoja karibu mwezi, na usiku mmoja sisimizi wakanilia vidole vyote vya miguu. Tangu siku hiyo miguu ya meza inasimama ndani ya mikebe ya maji.

Jambo moja kwa wanaopewa ndege wa zamani kutoka kwa shule ama nyumba za wazungu wa zamani: walikuwa wanapakwa arseniki. Sumu hiyo haiishi. Glavu, na usipulize manyoya.

Mifupa

Fuvu moja safi linafundisha kuliko picha mia. Ng'oa nyama nyingi kwa kisu, tenga miguu ya kushoto na kulia kila mmoja ndani ya stokingi yake iliyofungwa fundo, tia kwenye ndoo ya maji ya kawaida, funika, ondoka. Bakteria watakufanyia. Kaskazi wiki tatu nne, kusi inachelewa. Ukibadilisha maji acha robo ya maji ya zamani, usiwafukuze wafanyakazi. Harufu ni kitu cha ajabu, weka mbali na nyumba na mbali na upepo wa majirani, mimi nimeshawahi kuitiwa mzee wa mtaa.

Nyama ikiisha, chuja maji kwa kichujio, meno madogo na mifupa ya vidole ndiyo inapotea hapo. Kisha loweka kwenye maji ya sabuni ya vyombo, badilisha kila mafuta yakielea, mifupa ya samaki wakubwa na ndege wa baharini inaweza kudai miezi. Ukitaka weupe kidogo loweka haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, siku moja. Jik hapana. Jik inaendelea kula mfupa hata baada ya suuza, mwaka wa pili unashika unga. Na usichemshe kwa kuharakisha, mafuta yanaingia ndani ya mfupa na meno yanapasuka. Kausha kivulini. Andika namba kwa wino mweusi usiotoka kwenye kila mfupa unaoandikika, sio kwenye boksi tu, maboksi huchanganywa na watoto na wageni na mwenyewe pia.

Makumbusho makubwa wanatumia mbawakawa wadogo wanaoitwa dermestidi, wanasafisha fuvu la popo bila kulivunja, lakini hao hao wakitoroka wanakula ndege zako zote. Bila chumba cha mbali kilichofungwa, baki na ndoo.

Kuweka

Adui wa pwani ni unyevu. Ngozi na manyoya vinaota ukungu unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 65, na huku masika tunapita bila kubisha hodi. Nunua kipima unyevu kidogo, tumia maboksi ya plastiki yanayobana, ndani weka silika jeli, vile vipunje vya kunyonya unyevu, ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni irudi kazini. Mbao za droo mpya zinaweza kuwa na wadudu. Ngozi ama fuvu lolote jipya likiingia, lifunge kwenye mfuko, liweke friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri wiki mbili, na ukilitoa liache ndani ya mfuko siku nzima lipate joto la chumba, ukifungua haraka linatoa jasho na umelilowesha mwenyewe. Nafthalini, ile dawa ya nondo, watu wanaipenda, mimi nimeacha, kichwa kiliniuma na wadudu hawakuondoka. Madirisha yazibwe, jua linafuta rangi za ndege kuliko mwaka wa vumbi.

Daftari kuu moja la wino mweusi, nakala ya Excel, nakala ya tatu nje ya jengo. Ukipata kitu usichokijua baada ya kuuliza wavuvi, usikikalie, kipeleke Makumbusho ya Taifa na data zake zote, spesimeni moja inayobeba jina la aina mpya inahitaji nyumba yenye watu wa kuiangalia miaka mia, sio chumba chetu cha bati.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mimi napita chupa zote. Spiriti ikishuka siongezi tu, napima kwanza kwa kile kipimo cha kuelea, kwa sababu kinachotoroka zaidi ni ethanoli na kinachobaki ni maji, ikisoma chini ya 65 naibadilisha yote. Natazama lebo inasomeka bila kufungua. Kifuniko kikianza kulegea ama kuna kutu mahali popote, nabadilisha siku hiyohiyo, kutu ikianguka ndani samaki anakuwa wa kahawia mpaka kwenye mifupa.